Wegesa Ajaribu Uchumba kwa Kutikisa

Washenga kijijini Matongo wapo, lakini Wegesa ndiye mwenye mdomo. Sema dhahabu ilimharibia kazi. Duara la kijana, yaani shimo lake la kuchimbia, likitema dhahabu, anataka mke wiki hiyo hiyo. Likikauka, mke huyo anarudi kwao na ng'ombe wanarudishwa. Ndoa mbili alizoziunganisha zilikwisha hivyo. Ya tatu, iliyo bado uchumba, ya Tomaso mchimbaji na Mokami binti wa mzee Waitara, ikivunjika nayo, hakuna boma litakalomwita tena. Usingizi ulimpaa kwa hofu.

Asubuhi moja alimkuta Elieth, binti wa kaka yake, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, amekodolea macho kompyuta. Kwenye kioo vilitetemeka vitu viwili kama mafundo ya uzi.

"Shikamoo shangazi. Hizi ni protini. Moja ya kimelea cha malaria, nyingine ya damu yetu. Kompyuta imekisia kwamba zinashikana, maana maumbo yanaingiana. Lakini hayo ni makisio. Sasa naigiza joto na misukosuko ya mwilini, nazitikisa. Zilizogusana kwa bahati tu huachana."

"Zisipoachana?"

"Naanza kuamini. Halafu maabara ndiyo inathibitisha."

Habari za maabara Wegesa hakuzisikia, alishatoka.

Akamwambia Mokami kwamba duara la Tomaso limejaa maji, kijana hana hata nauli. Akamwambia Tomaso kwamba mzee Waitara ameongeza ng'ombe kumi. Uongo mtupu, bila kupepesa jicho. Mwanamke yule jamani, hana haya hata kidogo. Kisha akakaa kusubiri nani atamwacha mwenzake.

Kesho yake akimenya mihogo aliwaona mzee Waitara na baba yake Tomaso wanakuja pamoja, fimbo mkononi. Wameachana, akajua.

"Wametoroka," alisema mzee Waitara. "Wamevuka mpaka pale Sirari kwa bodaboda, wako kwa ndugu zetu Migori, Kenya. Binti yangu amepiga simu, anasema hata kama duara limejaa maji huyo ndiye mume wake. Maji gani?"

"Na mwanangu analalamikia ng'ombe kumi wa nyongeza," alidakia mwenzake. "Ng'ombe gani?"

Nyuma ya mlango Elieth alikohoa ili asicheke. Wegesa alifurahi mpaka machozi yakamlenga: katika maisha yake hakuwahi kuunganisha watu wakashikana namna ile. Na hapo, mbele ya fimbo mbili, mdomo wote ule haukuthubutu kujisifu.

"Karibuni chai," alisema.