Mwanagenzi wa Mauzo

Yule mwanagenzi wa mauzo katika ofisi yetu ya Surabaya, Indonesia, alikuwa akisimama kila alipompigia simu mtu mzima, kana kwamba anaonekana. Alifunga vifungo vya shati hadi kooni, akafuta simu kwa kiganja, kisha sauti ikamtoka taratibu, kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Alama zake za chuo zilikuwa hafifu na hakuwahi kufanya kazi popote. Bosi wetu, Pak Wiryawan, yaani Bwana Wiryawan, hakuacha kumkumbusha: "Wewe upo hapa kwa huruma yangu. Piga simu tu, wenye akili watauza."

Kwa miezi alimbembeleza kwa simu Ibu Sulastri, yaani Mama Sulastri, mwenye kiwanda cha mikate, akimjulia hali kwanza ndipo ataje mashine zetu za kuokea. Siku mama huyo alipokubali kuja kutia saini, bosi alimkalisha mezani Radityo, kijana mwenye shahada ya daraja la kwanza. Mwanagenzi akaambiwa alete chai.

"Karibu chai, Ibu," alisema akiinama.

Mama akageuka. "Sauti hii naijua. Si wewe, mwanangu, unayenipigia simu?"

Pak Wiryawan alimkazia mwanagenzi macho. Mwanagenzi akaliweka sinia mezani.

"Hapana, Ibu. Umenifananisha."

Mama akamgeukia Radityo. "Basi ni wewe. Kwenye simu mpole kweli."

"Ndiyo mimi, Ibu," Radityo akaitika.

Mwanagenzi akammiminia mama chai, kisha akammiminia na Radityo.