Funguo za Hifadhi Ziko kwa Aikande

Saa tatu asubuhi, Domitila anasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi na kuukodolea macho mstari mwekundu kwenye skrini. Hifadhi ya data imejaa asilimia tisini na sita, na inazidi kujaa.

Nje ya dirisha, hapa Bangwe mjini Kigoma, magari ya kampuni ya kugandisha samaki yanasubiri mzigo. Ndani, kiyoyozi kinaunguruma juu ya seva mbili zilizobeba kompyuta pepe tisa: ya mizani, ya vyumba vya baridi, ya malipo na nyinginezo. Huwezi kuzishika kwa mkono. Ni programu zinazojiona kompyuta kamili.

"Kila moja inaamini ina diski yake," anaeleza fundi huyu mzaliwa wa Ilagala. "Kumbe diski yenyewe ni faili tu, limelala kwenye hifadhi moja inayotumiwa na zote. Ikitaka kuandika, programu msimamizi, ile inayoziendesha zote, inapokea ombi na kulipeleka huko. Na zote tumeziahidi nafasi kubwa kuliko iliyopo. Ikijaa, zinasimama."

Anayeruhusiwa kuigusa hifadhi hiyo ni Aikande, fundi mwenzake aliyehamia kutoka Moshi mwaka jana. Domitila anaruhusiwa kuwasha na kuzima kompyuta pepe, basi. Mshahara wao ni sawa, kwa hiyo si pesa inayomchoma.

"Seva hizi nilizifunga mimi," anasema. "Akaja yeye, akapewa nenosiri la hifadhi wiki ya kwanza. Akitusalimia kwa Kiha, 'mwakeye', kwa lafudhi yake ya Kilimanjaro, ofisi nzima inacheka kwa kumpenda. Mimi Kiha nimekinyonya, nani ananichekea?"

Mstari unafika tisini na saba. Domitila ameshajua chanzo. Juzi, kabla ya kurekebisha kompyuta ya mizani, Aikande alihifadhi hali yake ilivyokuwa, ili mambo yakiharibika airudishe. Hakuifuta. Tangu hapo kila badiliko linaandikwa kwenye faili la pembeni, nalo linanenepa.

Anaishika simu. Lakini hapigi.

"Nikinyamaza, yataonekana," anasema taratibu, kama anayejisemea. "Meneja ataona ni nani aliyempa funguo."

Lakini mizani hiyo ipo kwenye mwalo wa Kibirizi, na leo wauza dagaa wamejaa. Ikizimika, dagaa watakaa juani bila kupimwa. Domitila anasonya, kisha anaizima kompyuta pepe ya mafunzo, ambayo leo haina mtumiaji. Faili lake la kumbukumbu ya muda linafutika, na nafasi kidogo inapatikana. Ndipo anapiga.

"Dada Aikande, ile hali uliyoihifadhi juzi inatumaliza. Iondoe sasa hivi."

"Mungu wangu! Nimesahau kabisa, dada. Naingia kutoka huku huku Kibirizi."

Mabadiliko yanaunganishwa na diski kuu, taratibu. Mstari unapanda kidogo, unasita, kisha unaanza kushuka. Mizani haikusimama hata mara moja.

Meneja, Nikodemu, anaingia simu ikiwa bado hewani. Aikande anamwambia mwenyewe kupitia spika ya simu: "Bosi, kosa ni langu. Dada Domitila ndiye aliyetuokoa."

"Safi, Aikande. Ndiyo maana nakuamini," anajibu Nikodemu. Anampigapiga Domitila begani na kutoka.

Domitila anabaki akiutazama mlango.

"Umeona? Hata kosa linampendeza."

Mchana huohuo anamwandikia meneja kuomba ruhusa kamili ya hifadhi, na kuomba apelekwe Dodoma kwenye mafunzo ya mwezi ujao. Ameshaanza kujisomea nyumbani siku zake za mapumziko, watoto wakiwa shuleni.

Je, anatamani mwenzake ahamishwe?

"Hapana, asiende popote," anasema Domitila, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Nataka abaki hapa hapa, kwenye meza ile ile. Halafu siku moja aishiwe nafasi, aje aniombe mimi."