Neno Moja la Mkalimani

Mkalimani wa hospitali alikuwa na mdomo mwepesi, na daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, alimpenda kwa hilo. Asubuhi moja aliingia mama mmoja, fundi cherehani, amejikunja kwa maumivu.

"Mwanangu, mwambie daktari tumbo lina misumari. Kaburi naliona hili hapa!"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mkalimani akatabasamu, akamwambia daktari neno moja tu la Kiingereza: exaggerating. Yaani mama anatia chumvi. Daktari akampa vidonge vya maumivu, akamruhusu aende.

Jioni mama alirudishwa amebebwa, kidole tumbo kimepasuka. Walimfanyia upasuaji, akapona kwa taabu.

Mkalimani alipokwenda kumjulia hali wodini, mama alimshika mkono. "Asante, mwanangu. Siku ile ulinisemea."

Uso ukamshuka. "Hapana, mama. Nilimwambia unatia chumvi."

Mama akauachia ule mkono taratibu. "Mimi ndivyo ninavyosema nikiumwa," akamwambia. "Sina maneno mengine."