Nilichagua laptopu kwa wembamba wake

Marafiki, leo nimejiponza mwenyewe.

Wiki ijayo naanza chuo, kwa hiyo Mama alinipeleka madukani Wandegeya kununua laptopu iliyotumika.

Muuzaji akatoa moja nene, nyeusi. "Mama, betri ya hii inakaa na chaji."

Mama akaikumbatia palepale!

Nikamnong'oneza, "Hosteli watanicheka." Nikamwonyesha nyingine nyembamba, inayong'aa, iliyokuwa kwenye chaja.

Mama akakubali.

Nyumbani nikachomoa chaja. Ikazima papo hapo.

Nikampigia muuzaji. Akanijibu, "Dada, si niliwaambia ile nene ndiyo betri yake inakaa? Iliyotoka dukani hairudi."

Nilijua Mama atanigombeza. Akasema tu, "Basi, utasomea karibu na ukuta."

Sasa ametoka na mvua hii kunitafutia waya mrefu wa umeme.

Laiti ningemsikiliza Mama, jamani. Semeni ukweli, nyinyi mngechagua ipi?