Beji Nilizojaza kwa Hisani

Shule niliacha darasa la nne, lakini hapa mtaani Umbilo hakuna anayenishinda kwa mashine ya kudarizi. Vijana fulani, waliojitungia wenyewe majina ya jinsia zao, waliniagiza beji za kitambaa: jina juu, chini nafasi tupu ya jinsia. Nikajua wamesahau. Mashine ikavuma kama mvua ya mbali, nami nikaelea mawazoni, kila jina likiniletea sura, nikajaza: huyu mwanamke, huyu mwanamume.

Mkutanoni kwao nilizigawa nikitabasamu kama bwana harusi. Wakazisoma, wakaangaliana.

“Papa, nani amekuambia ujaze?” akauliza Neema, kiongozi wao.

“Eish, mama, nimewasaidia bure!”

“Hapo kila mtu angejiandikia leo, mbele ya wenzake.”

Kijana mmoja aliyetoka mtaa wa Queensburgh akainua beji yake. “Neno langu nimelitafuta miaka, papa. Wewe umenishonea lingine.”