Damu ya Kuku wa Ijumaa

Serikali ilipopiga marufuku dini yetu, sisi Wayahudi weusi wa kutoka upande wa Mbale, baba hakuacha hata kitu kimoja. Alifunga madirisha tu. Siku za kazi aligonga mabati Katwe, na kila Jumamosi, nyumbani kwetu Kisugu, alitusomea fungu la Torati la juma hilo kwa sauti ya chini. Alikuwa mkaidi, na ukaidi huo nimeurithi.

Ijumaa moja alichinja kuku uani, akamwaga damu chini na kuifunika kwa udongo, kama sheria yetu inavyotaka. Kumbe kuna jirani alimwona. Miaka ile watu walikuwa wakipotea ovyo, na mwanamume anayefukia damu uani kwake hakosi kuchongewa. Alasiri hiyo hiyo askari wawili wakaingia.

"Nani mtu umeua hapa?" mmoja akauliza, akifukua kwa ncha ya buti.

"Ni kuku, afande."

"Kuku nazikwa?"

Baba angeeleza sababu, angekuwa amekiri dini yake. Mama akakimbilia jikoni, akaleta sufuria na kuku wake ndani.

"Kuku iko moja, damu iko mingi," askari akasema. Akamgeukia baba. "Kama iko ya kuku, ramba."

Kesho yake ilikuwa zamu ya fungu la baraka na laana, mle Musa anamokataza kula damu. Baba alikuwa amejiandaa nalo juma zima. Hakuinama. Askari akakoki bunduki. Nasema wazi: dakika ile nilimchukia baba kuliko nilivyowachukia wao.

Mama ndiye aliyepiga magoti. Akachota udongo ule mwekundu, akautia kinywani, akameza.

"Ni ya kuku, afande."

Wakacheka, wakachukua sufuria yetu, wakaenda zao.

Asubuhi baba alisoma kama kawaida. Alipofika penye katazo la damu, akaacha katikati. Mama, ambaye hakuwahi kusoma mbele yetu, akamalizia kwa kichwa: anayejizuia atapata heri, yeye na watoto wake. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akatoka uani, tukamsikia akitapika.