Mkono Kwenye Kioo cha Lori la Jeshi

Iko asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Ilikuwa kule Mgeta, milimani, ukungu umelala barabarani kiasi kwamba aliye mbele yako humwoni, unasikia kikohozi chake tu. Nilikuwa nimekaa ndani ya lori la mume wangu, nikiutazama mkono uliokuwa ukijitokeza taratibu kiooni. Ngoja nianzie nyuma kidogo, unielewe.

Mume wangu Severini alikuwa dereva wa kiwanda hapa mjini Morogoro. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa, viwanda vikapunguza watu, naye akapunguzwa. Kiinua mgongo chake akakipeleka mnadani, akarudi na lori kuukuu la jeshi. Watu walisema lilikwenda vitani likarudi. Sisi hatukuuliza sana. Tulitaka kubeba kabichi na njegere kutoka milimani hadi sokoni, na kwa kazi hiyo lilikuwa na nguvu za ajabu.

Shida ilikuwa maji. Lori lile lilikuwa bichi ndani, sijui nikueleze vipi. Hata kiangazi, ukifungua mlango asubuhi ulipokewa na harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Viti vililowa bila mvua. Taa za mbele zilikuwa na maji ndani yake, yakicheza tukitembea, kama macho yanayolengwalengwa na machozi. Injini ikizimwa tulisikia tone, halafu kimya, halafu tone tena, mahali fulani chini ya miguu yetu.

Kisha huo mkono. Pumzi zetu zikishatia ukungu kwenye kioo cha mlango, upande wangu, pale katikati palibaki umbo la kiganja cha mtu mzima, vidole vikielekea chini. Nikifuta, unaondoka. Ukungu ukirudi, nao unarudi palepale. Na ulikuwa upande wa ndani. Siku ukipanda gari jaribu mwenyewe: kaa vizuri kitini, uweke kiganja kiooni vidole vikitazama chini. Utajiuliza huyo mtu alikaaje.

Mwanzoni Severini alicheka. Baadaye akawa hacheki. Akachukua kanga yangu akaitundika kwenye kile kioo. Yeye aliyezoea kulala chini ya gari la kiwanda huku anaimba, akaacha kuingia chini ya lori lake, akaacha hata kufungua boneti. Nikimwambia, "Baba Anna, hebu tazama hayo maji yanatoka wapi," alinijibu, "Kuna vitu havitazamwi." Na mimi nilikuwa naogopa vilevile, kwa hiyo jibu lake likanitosha.

Asubuhi hiyo ninayokusimulia tulikuwa tunamteremsha mama yake, mama mkwe wangu Bibi Veronika, aende hospitali mjini kwa ajili ya goti. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kiluguru mwenye sauti ndogo. Tulimkalisha katikati yetu. Nyuma, juu ya kabichi, walikaa wanawake wenzangu wa biashara, wengine na watoto mgongoni. Kabla hatujaondoka, bibi akaivuta ile kanga akaitua mapajani. Kioo kikajaa ukungu. Mkono ukaja.

Akauangalia kwa muda. Hakushtuka.

"Ni wa nani?"

"Hatujui, mama," nikasema.

"Na kinachodondoka huku chini?"

Severini akawasha injini. "Mama, tusiyazungumze hapa. Twendeni, mboga zinanyauka."

"Nimekuuliza maji, baba. Yanatoka wapi?"

"Sijui."

"Umetazama?"

Severini akashika gia.

"Mwenye mkono huu simjui," bibi akasema, "na sisemi kwamba hayupo. Lakini aliyeshika usukani ni wewe. Gari lako unaliogopa hata kuligusa, halafu unatupakia tuteremke nalo mlima? Mimi nashuka."

Akashuka na goti lake bovu, akawaita wanawake wa nyuma. Wakashuka wote, mmoja mmoja, wakisimama ndani ya ukungu kama nguzo. Severini alikasirika, lakini utamkaripia nani, mama yako? Akazima injini, akachukua spana. Alipolala matopeni kuingia chini ya lori aliniomba nimshike mguu nisimwachie. Nikapiga magoti kando ya gurudumu, nikamshika.

Breki za lori lile zilitumia upepo unaohifadhiwa kwenye matangi huko chini. Upepo huo huacha maji tangini, na ipo koki ya kuyamwaga. Severini aliyajua hayo yote. Alipoifungua, ikatoka pumzi ndefu, ndefu mno, kama ya mtu aliyejibana kwa miaka. Wanawake wakarudi nyuma. Kisha maji yakamwagika, mekundu ya kutu, yakapita kati ya miguu yetu yakaelekea bondeni. Akalifuata bomba la breki kwa vidole. Likakatikia mkononi mwake kama gome lililooza.

Alitoka akakaa hapohapo matopeni, akiitazama barabara ilivyotelemka na kupotea katika weupe. Mto tuliusikia chini kabisa.

Kabichi ziliharibika zote tukimsubiri fundi kutoka mjini. Alibadilisha mabomba, akaziba sakafu, akatia raba mpya kwenye vioo. Severini akawa anamwaga maji ya matangi kila jioni. Kuhusu mkono, fundi alisema grisi ya kiganja hukaa kiooni miaka mingi. Tukasugua kwa sabuni na majivu, ukatoka, sikuuona tena. Ila asubuhi za mvua nilikuwa nakaa nimeuepuka mlango kidogo, kama unavyosogea ili abiria mwenzio apate nafasi.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Chochote ulichopewa kukitunza, iwe gari, nyumba, ndoa au mwili wako, siku kitakapokutisha ndiyo siku ya kuinama ukitazame. Usikitundikie kanga. Kuogopa ogopa, hakuna aibu, na ukishindwa peke yako mwombe mtu akushike mguu. Lakini ingia chini uone, hasa kama kuna watu wamepanda nyuma yako na watoto wao.

Mungu akupe moyo wa kuuliza na masikio ya kumsikia anayekuuliza. Akushushe kila mlima salama, wewe na wote utakaowabeba. Amina.